Muhuri wa Akiki

Flemingdon Park, Toronto
9 Novemba 2008

Baba mpendwa,

Ya Ali Madad, na shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, ila baridi imeanza kuuma.

Lile jiwe la akiki ulilonipa nilipoolewa nimelipeleka kwa mtaalamu wa makumbusho hapa. Ni muhuri wa Waajemi, Baba, wa miaka elfu moja na mia tano! Alilikandamiza kwenye udongo laini, ikatokea sura ya kondoo dume na maandishi pembeni: “Tegemeo kwa Mungu.” Wanataka kulionyesha, na kibao chenye jina la ukoo wetu. Wanachohitaji ni barua yako tu, ueleze babu alivyotoka nalo Uajemi.

Mwanao,
Minaz

Tanga
20 Machi 2009

Mwanangu Minaz,

Mowla Ali Madad. Magoti bado yanasumbua, lakini siyo yaliyonichelewesha kujibu.

Jiwe si letu. Lilikuwa la Rahemtulla, fundi saa jirani yangu. Mwaka 1970, akienda Bombay kutibiwa, alinikabidhi nimpelekee bintiye Tazmin, mtoto wa miaka tisa aliyekuwa kwa shangazi yake Kisumu. Rahemtulla akafia huko huko Bombay. Mimi nilikuwa nimemposa mama yako, na wazee wake walikuwa wanachunguza ukoo wangu. Nikawaonyesha jiwe, nikasema ni la babu. Wakakubali. Baada ya hapo ningelitoaje? Mama yako amekufa bila kujua.

Fanya unaloona ni haki.

Baba yako

Toronto
6 Juni 2010

Baba,

Ya Ali Madad. Natumaini u mzima. Nisamehe kwa kukaa kimya mwaka mzima. Nilikuwa na hasira, hasa kwa ajili ya Mama.

Jiwe nililichukua kutoka makumbusho, nikaanza kuulizia jamatini baada ya sala. Tazmin yuko Mississauga, mji wa jirani hapa, ni muuguzi. Nilimweleza yote. Alilishika kiganjani. Kisha akasema, “Miaka yote nilidhani baba hakuniachia kitu.” Akaniuliza, “Alisema nini alipolitoa?”

Nilimwahidi kwamba utamjibu. Mwandikie wewe.

Mwanao,
Minaz

Tanga
15 Julai 2010

Mwanangu,

Mowla Ali Madad. Mimi sijambo kwa kadiri ya uzee.

Nimemwandikia Tazmin. Nilichana karatasi mara nne. Nimemwomba radhi, sikujitetea. Nimempa na maneno ya baba yake, aliyoniambia akiwa ameshika sanduku mlangoni pangu: “Mwambie sikumsahau.”

Ni maneno mawili tu. Nimeyakalia miaka arobaini.

Baba yako