Usikate Majani Bado

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imenifika. Sisi hapa Mtendeni hatujambo. Mama yako mdogo amejifungua salama mtoto wa kike, na mvua zimeanza kukatika.

Umeuliza kama ung'oe yale maua mekundu yenye shina la chini kama kitunguu, kwa kuwa yamenyauka. Usiyang'oe. Nilipokuwa msichana nilikaa Igalula kwa shangazi yangu Eseli, aliyekuwa mjane. Marehemu mumewe ndiye aliyempandia maua hayo mbele ya nyumba. Yalipokwisha kuchanua, mdogo wa marehemu alikuja na jembe.

"Shemeji, hapa pamebaki majani tu. Nipande viazi."

"Majani ndiyo yanayokilisha kitunguu, shemeji," alimjibu taratibu. "Tuyaache yachoke yenyewe."

Alikata vikonyo vya maua makavu tu. Majani aliyamwagilia mpaka yakageuka manjano, kisha akaacha maji, akafunika udongo kwa nyasi kavu. Kiangazi chote majirani walimcheka kwa kulinda ardhi tupu. Hakubishana na mtu, nami nilizidi kumstahi.

Mvua za kwanza ziliponyesha, maua yaliibuka, mengi kuliko mwanzo. Shemeji yake alipita, akasimama, akavua kofia.

"Kaka angefurahi," akasema.

Shangazi akachimba kitunguu kimoja kilichozaliwa pembeni, akampa akapande kwake.

Mungu akutunze huko uliko.

Bibi yako,
Monika