Jino Lililovunjika na Blauzi Saba

Jumatano. Joto la mwezi wa kumi linatupiga bado hapa mtaani kwetu Kamalondo, na mvua inachungulia tu kisha inarudi ilikotoka. Umeme umekatika tangu mchana, cherehani imenyamaza, basi naandika kwa simu kabla betri nayo haijanikimbia.

Leo nimesema ukweli. Nimeusema kwa mtu mmoja, wamebaki sita.

Nianze na jino. Jumamosi nilikuwa namalizia blauzi ya Mama Solange, mteja wangu na jirani yangu wa miaka mingi. Nikakata uzi kwa meno, kama nilivyofanya miaka yote ishirini ya ufundi wangu. Nikasikia tak! Nilidhani nimeuma kichwa cha pini. Nikapapasa juu ya kitenge, nikakiokota: kipande cha jino langu la mbele. Uzi ulikuwa bado mzima.

Nilicheka kwanza. Halafu nikalia.

Ninyi mnaonisoma hapa niliwaandikia mwaka jana kwamba nilipungua kwa ndimu na maji ya moto. Nilidanganya. Nilipasuliwa. Sukari na presha vilikuwa vinanishinda, magoti hayanibebi tena. Nikaaga kwamba naenda kumsalimia kaka yangu Afrika Kusini, na kule daktari akaniondolea sehemu kubwa ya tumbo la chakula. Mume wangu peke yake ndiye aliyejua. Niliporudi nimebaki nusu, wateja wakataka kujua dawa. Niliona haya kusema kisu. Mimi ninayeimba kwaya na kuwahubiria wenzangu kujizuia! Neno ndimu likanitoka lenyewe, na kwa kuwa liliwapendeza, nikalirudia.

Upasuaji siujutii. Sukari imeshuka, napiga magoti kanisani na kusimama bila kushikwa mkono. Tatizo ni mimi. Tumbo limekuwa dogo lakini haraka yangu ni ileile: matonge mawili makubwa ya bukari, ugali wetu, kati ya mteja na mteja, halafu nakimbilia nyuma ya karakana kutapika. Mara tatu kwa wiki, mara nne. Na kila nikitapika, mbio kwenye mswaki, tena ule mgumu, nisugue mpaka ladha yote iishe na mtu asisikie harufu. Nilijiona msafi kuliko wote mtaani.

Kule nilikopasuliwa waliniambia nimwone daktari wa meno mapema, na nirudi kwao kila nikitapika sana. Sikufanya hata moja. Anayeficha siri hana nafasi ya kwenda hospitali.

Jumatatu nilikwenda, kwa lazima. Daktari ni dada mdogo, sawa na binti yangu wa kwanza. Akapitisha kioo chake kidogo nyuma ya meno, akauliza, "Mama, unatapikaka?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza yote, mpaka mswaki.

"Mama, ile acide ya tumbo inalainishaka jino. Ukipitisha brosse palepale, njo weye mwenyewe unalikwangua."

Mimi mwenyewe. Kwa mswaki wangu, mwaka mzima, na kwa bidii.

Aliniuliza pia ninakunywa nini. Nikacheka kwa aibu: ndimu. Nilikuwa nayo mezani kutwa nzima, nikinywa tone kwa tone mbele ya wateja ili uongo wangu upate ushahidi. Akasema hiyo nayo ni asidi, na kuinywa kidogo kidogo ni kuyaogesha meno ndani yake siku nzima.

Hapo nikawakumbuka wenzangu saba.

Mama Solange anamwozesha binti wa dada yake baada ya wiki mbili. Wanawake saba wa familia, yeye akiwa mmoja wao, watavaa kitenge kimoja. Nilipowapima, kila mmoja aliniambia nipunguze kiuno, kwa sababu ameanza ndimu yangu. Nikakata ndogo kama walivyotaka. Ila ndani ya kila mshono niliacha kitambaa cha vidole vitatu, wakati desturi yangu ni kimoja.

Kwa sababu nilijua.

Leo Mama Solange amekuja kujaribu. Blauzi imegoma kufunga. Akaona haya, maskini, akaniomba msamaha mimi! Akasema ataongeza ndimu, glasi tatu badala ya mbili, ingawa siku hizi hata maji ya baridi yanamchoma meno. Ningeweza kunyamaza, nikafumua, nikampa blauzi kesho. Tayari nilikuwa nimegeuza mshono. Lakini lile jino lililovunjika lilikuwa linanikwaruza ulimi, likakataa ninyamaze.

Nikamwambia kila kitu. Hakunitazama mimi, alitazama kitambaa mkononi mwangu.

"Mbona kitambaa mingi hivi mu ndani? Weye unaachiaka kidole kimoja." Kisha akaelewa. "Kumbe ulikuwa unajua. Ulijua ile ndimu haitafanya kitu, na ukaniacha nakunywa."

Ningefurahi kama angenipiga.

Nilidhani ataondoka. Akaketi, akafungua mdomo, akaniambia, "Angalia na yangu." Nikawasha taa ya simu. Sijui kusoma meno, lakini ncha za yale ya mbele zimeanza kupitisha mwanga. Nililia pale pale, na yeye akaniacha nilie. Baadaye akachukua anwani ya daktari. Mlangoni akasema, "Bale bengine sita miye sitabaambia. Utabaambia weye mwenyewe."

Njia ya mwongo ni fupi, na mimi yangu imeishia kwenye mshono.

Sasa nimeamua. Mkasi nimeufunga kamba, unaning'inia shingoni, meno hayatakata uzi tena. Karakana nitaifunga nusu saa kila mchana, nile polepole, waje wanaokuja. Nikitapika, nasukutua kwa maji yenye chembe ya bikaboneti ya kuumulia maandazi, nasubiri saa nzima, ndipo mswaki laini. Na mchana huu nimempigia simu daktari wa Afrika Kusini. Alifoka kidogo. Alikuwa na haki.

Daktari wa meno alitaka kuliziba jino langu kesho asubuhi. Nimemwomba iwe Ijumaa. Kesho wanakuja wale wengine sita kujaribu blauzi zao, na nataka waone pengo langu kabla sijafumua mshono hata mmoja.