O si Sifuri

Baba,

Dawa yako ya presha iko juu ya friji. Moja asubuhi, moja jioni, hata kama kichwa hakiumi. Maharage hayana chumvi, na usimsumbue mama ayaunge mafuta. Mayai yaliyobaki nimempa jirani.

~~Nitarudi jioni.~~

Nilichosema asubuhi nakiandika, maana ulikuwa unafoka na mdomo umejaa mayai ya kukaanga. Karatasi ya vipimo uliyowapungia kaka zangu ukijisifu, "Mafuta sifuri!" haisemi sifuri, baba. Hiyo ni herufi O, kundi lako la damu. Mafuta yako mstari wa chini yake, na hapo maji yamekufika shingoni. Nilikupima mwenyewe pale maabara, kwenye kazi yangu unayoiita ya kushika mikojo ya watu.

Kaka zangu walipocheka, ukaona haya, hasira ukanimalizia mimi: "Toka! Wewe si damu yangu!"

Sasa vaa miwani usome taratibu. Wiki ile niliyokupima, niliwapima nyote. Mama ni A. Wanao wa kiume, wote A. Na mwenye O haongezewi damu nyingine ila ya O mwenzake. Siku ukilazwa ukahitaji damu, humu ndani wa kukutolea alikuwa mmoja tu.

Ulimwambia atoke. Katoka.

Kitindamimba wako,
asiye damu yako