Kompyuta ya Mama Yenu Imewaka

Mkamwana wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mwanangu. Huku paa la jikoni limezibwa, na jirani ameturudishia ngazi yetu bila kuombwa. Makubwa hayo!

Nakuandikia kukushukuru, maana siku ile uliponisaidia kwa simu nilikata kabla ya kushukuru. Ile programu ya kusafisha rejista niliipakua mwenyewe. Kompyuta ilikuwa ikijikokota kama konokono, nayo programu iliahidi kuirudishia ujana. Ilipomaliza kufuta, kompyuta ikagoma kuwaka, na picha zote za mama yenu zimo humo.

Hukunicheka. Ulisema, "Baba, picha zipo. Rejista ni mahali kompyuta inapoweka mipangilio yake. Ikifutwa hovyo, inapotea njia. Na hata ikisafishwa vizuri, mwendo hauongezeki." Ukanielekeza kitufe baada ya kitufe mpaka ikarudi katika hali yake ya wiki iliyopita. Kisha tukazizuia programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe, na sasa inakwenda mbio.

Sikukwambia kwa nini nilihaha vile. Mama yenu siku hizi akiamka hanitambui. Bila picha hukaa kitandani akiniogopa.

Leo nilimwonyesha picha yetu ya ujana. Akacheka. "Huyu namjua. Ni mume wangu. Yuko wapi?"

"Nipo hapa," nikamwambia.

Akanitazama sana, kisha akasogea nikae karibu naye.

Mungu akuzidishie, mwanangu.

Baba mkwe wako