Waya Niliyofunga kwa Mukima

Jumatatu, 3 Novemba
Nimekamua ng'ombe, nimekunywa chai, nimewasha kompyuta yangu. Iko sawa. Ya mama Mwenda, mke wa mtoto wangu Mutuma, iko sawa. Na ya Mutuma mwenyewe, akitoka kazi Embu wikendi. Kompyuta tatu, intaneti moja. Ni mimi nilivuta waya kutoka kwangu mpaka nyumba yao, nikaipitisha juu ya mukima, ule mti mrefu wa boma. Fundi alitaka kaboksi ya intaneti ikae kwao kwa sababu kazi iko kwao. Nikakataa. Kitu ya boma inakaa kwa mzee. Na mama Mwenda hawezi kuja kufanyia kazi kwangu. Mke wa mtoto na baba mkwe hawakai chumba moja. Hapa Kinoru nani mwingine amevuta waya hivyo? Hakuna.

Jumatano, 5 Novemba
Radi imepiga kwa jirani, Mbaabu. Imeshuka na waya ya antena mpaka kwa TV. Ukuta umepasuka, yeye ameungua mkono. Nimeenda kumpa pole. Akanicheka na ule mkono umefungwa: "Mzee, na hiyo yako ya mukima? Tutakuzika na kompyuta!" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka.
Naogopa.

Alhamisi, 6 Novemba
Mawingu tangu saa saba. Nimechomoa waya upande wangu. Haisaidii. Ikipiga mukima, ile ncha ingine iko kwa mama Mwenda. Yeye kazi yake ni kusikiliza watu wa ng'ambo kwa kompyuta na kuandika maneno yao, amefunika masikio na vile vitu vyake vya kusikilizia. Hasikii ngurumo. Simu anazima.
Mutuma amepiga simu kutoka Embu. "Baba, intaneti imeenda wapi? Mama Mwenda atafutwa kazi!" Nimerudisha waya. Ningemwambia hiyo waya ni mbaya. Sikusema. Nimejisifu nayo Gakoromone soko nzima.
Mvua haikunyesha. Jasho tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Mvua ya radi ilikuja ghafla mchana. Nikakimbia, mimi na hii miguu. Nikaita mlangoni kwake. Nikaita tena. Kimya. Tangu Mutuma aoe sijawahi kuvuka huo mlango. Nikavuka. Alikuwa amenipa mgongo. Nikang'oa waya, meza karibu ianguke. Akaruka: "Baba! Kuna nini?" Nikamwambia toka! Tukafika mlangoni. Mwanga. Mlio. Sisi wote chini.
Mukima umepasuka katikati. Pale niliangusha waya, simiti ni nyeusi. Ni pale miguu yake ilikuwa.
Nimewahi kukutana na ndovu njiani, sikukimbia. Leo nimelia.

Jumatatu, 10 Novemba
Kaboksi yangu iliungua. Hii mpya nimesema iwekwe kwao. Fundi akaniangalia, akapanda ngazi. Angenikumbusha maneno yangu ya kwanza, ningemfukuza.
Bila waya inashika mpaka nje kwa veranda yao. Hapo ndio nakaa na kompyuta yangu, mgongo kwa ukuta. Yeye yuko ndani. Hatuongei. Saa nne amefungua mlango, ameweka chai kwa stuli, amefunga. Maziwa mengi, vile napenda.
Mawingu yakaanza upande wa milima ya Nyambene. Nikagonga ukuta. Akagonga pia.
Siku hizi anafunika sikio moja tu.