Jeneza la Baba

Kwihara, Jumamosi usiku

Sikulibeba jeneza la baba. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na nilishasimama mbele, upande wa kulia, pamoja na mdogo wangu Deo na binamu zetu.

Walipoliinua mabegani, mikono yangu hii mifupi ikabaki hewani. Kichwa changu kinaishia kiunoni mwa Deo. Baba mdogo akaniinamia: "Mwanangu, litalala upande. Wewe shika msalaba, utangulie."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya, ningepata wa kumkasirikia.

Nikatangulia. Nilikuwa karibu kukimbia ili nisiwacheleweshe, mpaka nikamsikia Deo nyuma akiwaambia wenzake, "Taratibu jamani, tunamfuata kaka." Wakapunguza mwendo, na jua lile, na uzito ule, hadi makaburini. Watu walidhani ninalia kwa ajili ya baba tu.

Jioni hii Deo amevua shati ili mama amkande kwa maji ya moto. Bega lake limechubuka, limevimba. Nimeona wivu, Mungu anisamehe. Langu halina hata alama.