Harusi Iliyoangukia Siku ya Dawa

Ijumaa. Joto limeshika tangu alfajiri, hata kuta za mawe zimepata moto. Hii ni siku yangu ya pili ya kuitwa mke wa mtu, na nilidhani leo ningeandika mambo ya furaha.

Siwezi.

Mnaosoma hapa mnajua kuhusu Mama. Saratani ya mitoki, zile tezi za shingoni na kwapani, ilimpata, akatibiwa, ikaondoka, kisha ikarudi. Iliporudi, dawa za mwanzo hazikufua dafu. Ndipo madaktari wa Nairobi wakamwingiza katika majaribio ya dawa mbili zinazotolewa pamoja, moja ya dripu, nyingine ya vidonge. Wanataka kujua kama zikishirikiana zitauweza ugonjwa uliokwisha kuzoea dawa. Hakuna aliyemwahidi kupona. Walimweleza hivyo waziwazi, naye akakubali. Anakaa huko kwa mjomba wangu.

Dripu yake iliangukia jana, Alhamisi. Na jana ndiyo siku niliyotolewa nje, siku bibi harusi anapokalishwa mbele ya wanawake wa mji atazamwe.

Mama ni mpambaji. Wengi wa wanawake waliokuja jana, yeye ndiye aliyewapamba walipoolewa. Mimi nilipambwa na mtu mwingine.

Kila aliyemuulizia aliambiwa kwamba tarehe ya dawa haisogezwi. Mimi ndiye niliyewaambia.

Haikuwa kweli.

Siku chache kabla ya harusi, Sista Wambui, muuguzi wa utafiti, alinipigia kwa sababu simu ya Mama ilikuwa imezimwa.

"Mama yako aliniuliza kama anaweza kuja harusini," akasema. "Daktari amekubali. Dawa atapewa Jumatatu badala ya Alhamisi, haitaharibu kitu. Utamwambia?"

"Nitamwambia, Sista."

Sikumwambia. Jioni Mama aliponiuliza kama kuna aliyepiga, nikajibu hakuna. Akasema, "Haya, Mngu hakupenda."

Nilijiambia kwamba safari ingemchosha. Kwamba angeambukizwa homa katikati ya umati, na mwili wake hauna kinga. Yote yana ukweli kidogo, ndiyo maana yalinifaa. Lakini nilikuwa nimeona picha aliyomtuma mjomba anitumie: uso umevimba kwa dawa, nyusi hazipo, shingo imejaa vinundu upande mmoja. Nikawaza wakwe zangu, watu wa nyumba kubwa za mjini, wakimkodolea macho. Nikawaza ukumbi mzima ukigeuka kumhurumia, nami nimekaa pale na dhahabu zangu, hakuna anayenitazama.

Nilimwonea haya mama yangu mzazi.

Jana alasiri alipiga simu ya video. "Umependeza, mwanangu. Simama, geuka, nikuone nyuma." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini alicheka. Nikarudi kwa wageni. Nikala, nikapigiwa vigelegele, na kwa muda mrefu sikumkumbuka kabisa.

Leo asubuhi Athman, mume wangu, alipotoka kwenda sokoni, nilimpigia Mama. Nilianza kueleza habari ya ile simu. Hakuniacha nimalize.

"Najua, Salma."

Nikamuuliza amejuaje.

"Sista aliniuliza jana, sindano i mkononi. Akasema, kumbe hukutaka kwenda? Nikamwambia nilihisi kuchoka."

Kumbe alijua kabla ya kunipigia. Alijua, na bado aliniambia nigeuke anione nyuma.

"Nilingoja uniambie mwenyewe," akasema. "Ulinionea haya?"

Kila uongo niliokuwa nao ulikuwa tayari mdomoni.

"Ndiyo, Mama."

Nikaisikia runinga ya mjomba kwa mbali.

"Imeniuma," akasema. "Sitakwambia haikuniuma." Halafu, "Ngoja." Akaweka simu chini, nikamsikia akitapika. Nilisikiliza yote. Sikuwa na cha kumshikia, hata ndoo.

Aliporudi hakuligusa tena jambo lile. Aliniambia mate yake yana ladha ya chuma. Aliniambia kinundu kimoja anahisi kama kimelainika, lakini Sista amemkataza kutegemea vidole vyake mpaka apigwe picha. Kisha akasema anataka kulala, akakata.

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kumwomba.

Athman aliporudi nilimweleza kila kitu, hata lile la jamaa zake. Alisimama na kikapu mkononi, akinitazama kama mtu aliyejulishwa kwangu leo.

"Mama yangu alilia jana kwa sababu mama yako hayupo," akasema. "Wewe ulidhani atafanya nini?"

Hakugomba. Alikwenda jikoni, akaanza kuosha samaki peke yake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Dawa zikifanya kazi, pengine Mama atakuja hapa siku moja, aketi, ale, tucheke. Zisipofanya, mtoto wake wa pekee ameolewa na yeye hakuwepo, na hilo nimelifanya mimi, si ugonjwa.

Tulikuwa twende ufukweni Kipungani wiki ijayo kupumzika. Nimemwambia Athman siendi, naenda Nairobi. Amesema tutakwenda wote.

Dripu ijayo nitakuwa hospitalini. Mama akitaka nikae kando yake, nitakaa. Akitaka nisimwone, nitakaa koridoni mpaka imalizike.